Sista wa Saa Nne Asubuhi

Nilirudishwa nyumbani kutoka utawani mwezi wa tano, nikiwa na miaka kumi na tisa, sanduku la bati kichwani na barua ya Mama Mkuu nimeificha kwenye soksi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema mimi ni msichana mwema, mcheshi, mwenye sauti nzuri. Kwamba tangu Januari nimekosa Masifu ya Asubuhi siku nyingi kuliko nilizohudhuria. Na kwamba nikijifunza kuamka saa kumi na moja alfajiri kama wenzangu, nitapokelewa tena Januari inayofuata. Nisipoweza, basi Mungu ana kazi nyingine kwa ajili yangu. Nililia njia nzima hadi nikapata kwikwi, maana hiyo kazi nyingine mimi sikuitaka. Nilitaka kuwa sista tangu darasa la pili, na hadi leo sijui kutaka kitu kidogo kidogo.

Kijijini kwetu, upande wa Mbuji, msichana akiingia utawani akarudi kabla ya mwaka kwisha, watu wana jibu moja tu. Akina mama wa jumuiya walikuja kunipa pole wakanisalimia tumbo kwanza, uso baadaye. "Tumsifu Yesu Kristu," wanasema, macho kiunoni. "Milele, amina," najibu, nimebana pumzi ili nionekane mwembamba. Nikiwaambia nimerudishwa kwa sababu ya usingizi, wanatazamana na kutikisa vichwa kwa huruma. Hakuna hata mmoja aliyeamini.

Mama aliamini, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Afadhali ingekuwa mimba," aliniambia jioni ile ile, anachambua maharage kwa hasira hadi mengine yanarukia kwenye majivu. "Mimba ina miezi tisa, inakwisha, tunabatiza. Uvivu unabatizwa lini?"

Nieleze sasa huo usingizi wenyewe. Tangu nilipovunja ungo, usiku ulikuwa unanifungua macho. Wenzangu wakianza kupiga miayo saa tatu, mimi ndiyo kwanza akili inawaka, nina nyimbo kichwani, nina mipango, nina maswali juu ya watakatifu. Usingizi ulinijia saa nane za usiku, mtamu, mzito, na kama hakuna aliyenigusa niliamka saa nne asubuhi mwenyewe, mzima kabisa, natabasamu. Tatizo ni kwamba hakuna mahali duniani ambapo msichana wa Kimatengo anaachwa bila kuguswa hadi saa nne asubuhi.

Utawani walinigusa kwa kila njia. Walinivuta blanketi. Walininyunyizia maji, mwanzoni ya kawaida, baadaye ya baraka. Mwenzangu wa kitanda cha pili alinifunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, akaivuta alfajiri. Niliota ninavuliwa ziwani kama samaki, nikaendelea kulala. Siku nilizofika kanisani nililala nimesimama, na wakati wa zaburi niliitikia mahali pasipo na itikio. Lakini kwenye ibada ya kuabudu usiku hakuna aliyenifikia. Masista wazima, wenye nadhiri za daima, walikuwa wanayumba kama migomba, na mimi katikati yao naimba ubeti wa tano kwa nguvu zote. Kama Bwana Yesu angeamua kurudi saa saba usiku, angenikuta mimi nimechangamka na taa yangu ina mafuta. Nilimweleza Mama Mkuu hoja hiyo. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika barua.

Basi nilirudi, msimu wa kahawa ukaanza, na kwa wiki chache nikawa shujaa. Kahawa ikichumwa mchana lazima imenywe maganda siku hiyo hiyo, na mashine yetu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono. Wote walichoka mapema isipokuwa mimi. Nilizungusha mpini chini ya mwanga wa karabai hadi saa sita za usiku, nikiimba, maganda mekundu yakiruka huku na mbegu zikiteleza kule. Baba alinisifu. Asubuhi yake nikalala hadi saa nne na sifa zote zikafutwa.

Mwaka ule wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kupita vijijini. Tangu nizaliwe kahawa ilikwenda ushirika basi, na habari zake ziliishia hapo. Sasa magari mageni yalikuja hadi uani, na wenye magari wakawa wanatuomba sisi kwa adabu. Mmoja wao, ili kumpendeza baba, alimletea zawadi: kopo la kahawa iliyokwisha kukaangwa na kusagwa. "Mzee, hii ni kahawa yenu," alisema. "Onjeni."

Nyinyi mnaosoma mtacheka, lakini sisi tulikuwa tumelima kahawa tangu enzi za babu na hakuna aliyewahi kuinywa. Tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kusindikiza. Mzee mmoja wa Ukata alishikilia kwamba Wazungu wanatengenezea baruti. Kwa hiyo kopo likafunguliwa, watu wazima wakanusa, baba akaonja kijiko kimoja na uso ukamkunjamana. Mama naye akaonja. Akasema maneno ambayo yangeniharibia miezi miwili: "Chungu hivi, hii ni dawa."

Mama yangu alikuwa na imani moja kuhusu dawa, kwamba uchungu ndio unaofanya kazi. Alijua dawa ya malaria ni chungu, alijua majani ya tumbo ni machungu. Mtoto wake hakuwa analala kwa wakati. Akajumlisha. Kila jioni baada ya rozari, alinichemshia kikombe kikubwa cha kahawa nyeusi, bila sukari, ili nipate usingizi wa mapema. Nilikunywa kwa utii wa kitawa, nimeziba pua.

Mungu wangu, usiku ule! Nilipanga nguo za nyumba nzima. Nilikariri litania mbele na nyuma. Nilisikia panya wakitembea darini na nikampa kila mmoja tabia yake. Jogoo wa kwanza aliwika akanikuta namkosoa sauti. Kulipopambazuka nikaanguka na kulala hadi mchana, na mama alipoona hali inazidi alifanya anachofanya kila mama dawa ikichelewa kushika. Aliongeza kipimo.

Kufikia mwezi wa nane nilikuwa nimekonda, natetemeka mikono, na wale akina mama wa jumuiya walishangaa sana, maana tumbo lilikuwa linarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Baba akasema inatosha. Alinipeleka kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa ziwani upande wa Ngumbo, nikapumzike mbali na macho ya watu. Mama alinifungashia nguo, rozari, na kopo la dawa.

Ziwani nikawa mbaya kuliko nyumbani, na nilidhani ni adhabu. Sasa naelewa. Upande ule milima iko nyuma ya nyumba, mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linachelewa kupanda mgongo wa mlima, na nyumba za chini zinabaki kwenye kivuli. Ila jioni ziwa zima liko mbele yako, na jua linazama polepole upande wa pili likikumulika usoni hadi unapata machozi. Mimi nilikaa ufukweni kila jioni kulitazama, nikijua ni sala. Kumbe nilikuwa nauambia mwili wangu kwamba mchana bado unaendelea. Mama mdogo alivumilia wiki mbili za kunikuta nimekaa macho usiku na nimelala kama gogo saa nne asubuhi, kisha akanishika mkono akanipeleka zahanati.

Tabibu wa pale alikuwa mtu wa makamo, koti jeupe limemfupika mikono, na alikuwa na tabia ya kusikiliza huku anachonga penseli. Alikuwa amefanya zamu za usiku miaka mingi kwenye hospitali kubwa, akasema usingizi amejifunza kwa kuupoteza. Nilimweleza yote, pamoja na utawa, kamba na maji ya baraka. Aliuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Wakikuacha, unalala saa ngapi kwa jumla?"

Nikahesabu kwa vidole. "Nane."

"Kama mimi. Kama mama yako mdogo huyu. Usingizi wako haujapungua, mwanangu, umehama tu. Ndani ya kichwa, nyuma ya macho, kila mtu ana kitu kama saa, na kinachoirekebisha saa hiyo kila siku ni mwanga unaoingia machoni. Yako inachelewa. Hiyo ni hali ya mwili. Uvivu ni kitu kingine."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie tena, akakataa, akasema kuna wagonjwa nje. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na mama mdogo akaniangalia kama anajiuliza atarudi na nani nyumbani.

"Kuna dawa yoyote unatumia?" aliuliza tabibu.

Nilitoa kopo kwenye kikapu. Alilifungua, akanusa, akasoma nje, akanusa tena.

"Unakunywa wakati gani?"

"Jioni. Kikombe kikubwa. Mama aliongeza, sasa ni viwili."

Tabibu aliweka penseli mezani, akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu. Alinieleza kahawa inafanya nini, na nikakumbuka misimu yote tuliyoimenya, magunia yote tuliyosindikiza, ukoo mzima wa watu wanaolima kitu cha kuwakesheza Wazungu bila kujua. Mama mdogo alikaa chini sakafuni ndipo akacheka vizuri. Kopo lilibaki zahanati, na nasikia tabibu alilitumia vyema kwenye zamu zake.

Tiba yenyewe ilikuwa ya ajabu zaidi. Nilitegemea ataniamuru niamke alfajiri. Alisema hapana, hapo ndipo wote walipokosea, kunivuta kwa nguvu ni kama kuvuta mche wa mhindi ili urefuke. "Wiki ya kwanza uamke saa nne kamili, na usione haya. Ukifungua macho tu, toka nje ukae kwenye mwanga, walau nusu saa. Hata kivulini mwanga wa nje unatosha. Kila baada ya siku tatu unarudisha nyuma robo saa, kuamka na kulala pia. Jioni, jua la ziwa ulipe mgongo. Taa uipunguze. Na siku usiyo na usingizi usiamke baadaye kwa kujifidia." Akanipa daftari niandike muda wa kulala na wa kuamka, kila siku, bila kudanganya.

Saa ya kupimia ilitoka kwa baba mdogo, mume wa mama mdogo. Zilikuwa enzi za ruksa, masoko yamejaa vitu vya plastiki, naye alikuwa amejinunulia saa ya mkononi inayolia kila lisaa likitimia. Alinikabidhi kwa uchungu kama anaoza binti. Ililia kanisani, ililia msibani, na mara moja ililia nikiwa nimeinama kuchota maji, nikaiangusha ziwani na kuifuata hadi maji yakanifika kifuani.

Watu wa ufukweni walikuwa na mengi ya kutazama. Asubuhi mimi niko mbele ya nyumba juu ya kigoda, uso juu, sifanyi kitu. Jioni kila mtu yuko ziwani na mimi nimelipa ziwa kisogo, kanga nimeivuta hadi kwenye nyusi, natazama ukuta wa jiko. Wakaniita sista wa saa nne. Baada ya wiki mbili nikawa sista wa saa tatu. Wanawake waliokuwa wanaanika usipa, dagaa wa kule, walianza kunisalimia kwa kuuliza nimefikia wapi, na nilipofika saa mbili na nusu walipiga vigelegele. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu kabisa. Kuna asubuhi niliamka kabla ya saa ya plastiki kulia, nikaizima kwanza, nikacheza peke yangu chumbani kwa nguo ya kulalia.

Haikwenda sawasawa siku zote. Mwezi wa kumi palikuwa na ngoma ya harusi, nikakesha, nikarudi nyuma wiki nzima na kumtupia daftari mama mdogo kana kwamba harusi ilikuwa yake. Lakini mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja nililala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri siku saba mfululizo. Mama akateremka kutoka milimani kunichukua. Alinikuta nimewasha moto, nimechota maji, nimekaa nje nikingoja kupambazuka. Alinizunguka mara mbili kabla hajaitikia shikamoo.

Tulikwenda pamoja kumuaga tabibu. Alipitia daftari, akaridhika, kisha akasema hali hii mara nyingi hutembea kwenye ukoo, je, nani mwingine kwetu analala hivi?

"Hakuna!" nilidakia. "Kwetu wote wanaamka mapema. Mama huyu ndiye anayemwamsha jogoo."

Mama alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake. "Na mtu wa miaka hamsini," aliuliza, "anatibika?"

"Mtu gani, mama?"

"Mtu tu."

Nilicheka. Halafu nikamwangalia, nikaacha.

Alinieleza njiani, tukiwa juu ya lori, akiangalia mizigo. Tangu msichana usingizi wake ulikuwa unakuja saa nane za usiku. Mama yake alimchapa, mama mkwe alimsema, akajifunza kuamka saa kumi na moja na hakujifunza kulala mapema. Alilala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, miaka thelathini na zaidi. Kijiji kizima kilijua namna anavyofumba macho wakati wa mahubiri, na paroko mmoja aliwahi kumtaja kama mfano wa kutafakari. Alikuwa analala. "Nilidhani ni hasira zangu zinaniweka macho," alisema. "Nilipokuona wewe uko vilevile nikasema, huyu lazima nimvunje mapema, asipate tabu kama mimi." Nilikuwa nimemkasirikia miezi saba, na hasira yote ikakosa pa kukaa.

Tiba niliijua, lakini ilianza na kulala hadi saa nne. Desemba. Mahindi kwenye ngolo, yale matuta yetu ya mashimo mlimani, yanahitaji kupaliliwa, mvua inanyesha, na mama mwenye nyumba alale hadi saa nne! Mama mwenyewe alisema nisimchekeshe. Baba aliuliza nani atawasha moto. Nikasema mimi. Nani atachota maji? Mimi. Shambani? Mimi, na wewe baba. Alifikiri sana, kisha akasema jambo ambalo bado nampendea: "Basi na alale."

Kwa hiyo kwa wiki sita, mimi niliyerudishwa kwa kutoamka, niliamka kabla ya wote ili mama yangu alale. Niliwafukuza kuku wasiwikie dirishani. Akina mama wa jumuiya walipokuja asubuhi nilisimama mlangoni kama askari na kuwaambia yuko kwenye matibabu, ana masharti, na ni kweli. Mmoja aliuliza kwa upole kama safari hii mjamzito ni mama. Nilimpa jibu ambalo ilibidi niliungame. Saa nne, baadaye saa tatu na nusu, mama alitoka na kukaa kwenye kigoda uani, uso juu, amejifunika shuka kwa haya, na nikamletea uji. Wiki ya tatu nilimsikia anaimba akichambua mboga. Baba naye alisikia, akaacha kunoa jembe.

Januari ikafika. Wiki yangu ya kwanza utawani kengele ilinikuta nimeshafunga viatu, na Mama Mkuu alikuja mwenyewe kunishika kama ni mimi. Ninaikumbuka kwa raha. Lakini asubuhi ninayoirudia kichwani ni ile ya kuondoka. Lori lilikuwa linapita saa kumi na moja na nusu. Mama, kwa tiba yake, alikuwa amefikia kuamka saa mbili. Alikuwa ameniapisha jana yake nisithubutu kuondoka bila kumwamsha, na nilikuwa nimeapa.

Chumba cha wazazi kwetu mtoto haingii. Baba alinifungulia mlango, ameshika kibatari, amekiziba kwa kiganja. Mama alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, mdomo wazi kidogo, anakoroma kwa sauti nyembamba. Nilikuwa na miaka ishirini kasoro wiki chache, na sikuwa nimewahi kumwona mama yangu amelala kitandani.

"Mwamshe," alinong'ona baba. "Atanilaumu mimi."

Nikatikisa kichwa. Nilisimama pale hadi tuliposikia lori likipanda mlima, kisha tukatoka, tukaufunga mlango kwa mikono minne ili usipige kelele.